Cheti cha Ubani

Jumatano jioni, Yombo Dovya, darasa la kipaimara.
Umeme umekatika, nafundisha kwa tochi ya simu.
Nawaeleza watoto: zamani zile, chini ya Kaisari,
si kila mara walikwambia umkane Bwana wako.
Hasha. Ulitakiwa kidogo tu,
ubani wa kubana kwa vidole viwili
uudondoshe kwenye makaa, mbele ya sanamu,
kisha karani akuandikie cheti:
Fulani bin Fulani, mwenye kovu goti la kulia,
ametimiza. Tumemwona.
Ukaenda zako sokoni, hakuna wa kukuuliza.

Akanyoosha mkono Akwilina, binti wa fundi cherehani.
"Mwalimu, kwani wote walichoma?"
Wengi, nikasema.
Na wengine walimhonga karani, wakapata cheti kikavu,
vidole vyao havikunuka chochote.
"Hao nao walikuwa Wakristo?"
Nikatazama saa. Nikasema tutaendelea wiki ijayo.

Maana Jumapili ilikuwa harambee ya bati.
Mgeni rasmi: mheshimiwa mtarajiwa.
Mimi ndiye katibu wa kigango, mimi niliyeandika barua,
nikatafuta neno la kufuata baada ya "Mheshimiwa",
nikaliona dogo, nikaliongezea jingine.
Kochi lilitoka sebuleni kwangu.
Nililiweka mbele, pale anapokaa Bibi Perpetua Ndunguru,
muuza mkaa, miaka kumi na tisa benchi lile lile.
"Bibi, leo sogea nyuma kidogo."
Akasogea. Akabeba na ndoo yake,
ile ya kukingia tone la paa wakati wa masika.

Saa nne kasorobo magari yakaingia,
vumbi kwanza, watu baadaye.
Kwaya ikakatisha wimbo katikati ya ubeti
ikaanza mwingine, wenye jina lake.
Kanisa zima likasimama.
Nami nilisimama, nikapiga makofi mpaka viganja vikawasha.
Mtu mmoja alibaki amekaa.
Nikamfuata, nikainama: "Bibi, itifaki."
"Magoti, mwanangu. Magoti yangu leo hayataki."

Nikamwamini. Nani asiyejua magoti ya mbeba magunia?
Ila ilipofika Injili
alikuwa wa kwanza kusimama,
wima, kama mlingoti usio na bendera.

"Sikuja kuomba kura," alisema mgeni,
akanyamaza kidogo,
tukacheka, maana tulijua.
Bati mia mbili. Saruji mifuko hamsini.
Nikaandika risiti, nikagonga muhuri.
Vidole vyangu vilinuka ubani.
Wa misa, nilijiambia.
Nilivinawa mara mbili kabla ya kula.

Sasa masika yamefika na paa halivuji.
Siwezi kusema uongo, ni jambo jema:
watoto wanasoma pakavu, vitabu havifanyi ukungu.
Juu ya mlango jina lake, kwa rangi ya bluu,
mahali ambapo wale wa kwanza
wangechora samaki kwa mkaa, haraka,
wakitazama nyuma.
Bibi Perpetua amerudi kwenye benchi lake.
Ndoo bado anakuja nayo.
Anaiweka miguuni, tupu, misa nzima.
Sijamuuliza.

Jana Akwilina kanyoosha tena mkono.
Nilidhani amesahau.
Kishina cha risiti kimelainika mfukoni kwa jasho,
chini yake jina langu, kwa mwandiko wangu mzuri.
"Walikuwa Wakristo," nikamwambia. "Waliogopa."
Akaandika, akapiga mstari chini ya neno la mwisho.
"Waliporudi, walifunguliwa mlango?"
Walibishana miaka mingi juu ya hilo, nikasema.
"Wewe je, mwalimu, ungewafungulia?"

Nikainama kutafuta chaki.
Ilikuwa mkononi.